Mirija Arobaini na Sita

Hapa Rusayl, kiwanda cha tatu ukishapita cha marumaru,
vumbi la jirani hutuingilia hata kwenye chai.
Mimi ndiye mhasibu. Nahesabu vidonge
kama bibi yangu alivyohesabu tende: kwa kucha, kimya kimya.

Kidonge kimoja, kukitengeneza: baiza mia na sitini.
Kukibuni: miaka kumi na mmoja,
na nyumba ya Bwana Yaarub kule Sib, iliyowekwa rehani,
mkewe asijue mpaka barua ya benki ilipopenyezwa chini ya mlango.
Nayasema haya nisije nikamfanya shetani.
Shetani mikono haimtetemeki akitia saini.

Ugonjwa wenyewe twauita selimundu.
Babu yangu Ibra alikuwa na mundu,
akiwakatia ng'ombe majani kabla jua halijawa kali,
shwa, shwa, mpaka tukaamka.
Huu mwingine hauna sauti. Sauti ni ya mgonjwa.
Mwanangu Taimur anao. Usiku akikunja magoti
namkanda, namkanda,
naye huuma mto asimwamshe baba yake.

Mwanakombo anao pia.
Katoka Matuga, anatumika Al-Khoudh,
ghorofa mbili, watoto watano wa watu.
Tulipotafuta wa kuwajaribia dawa alikuja kila Ijumaa,
siku yake moja ya kupumua,
akakunja mkono wa gauni, akageuza uso asiione sindano.
Mirija arobaini na sita. Nimeihesabu mimi.
Mwaka ule hakulazwa hata mara moja.
Akanawiri. Akaniita shoga,
akanifunza matusi mawili ya Kidigo, mepesi.

Jaribio likafaulu. Tukala halwa.

Kisha kikao cha bei.
Riali thelathini na nane kwa mwezi.
Serikali itawanunulia wenye kadi. Mimi nina kadi.
Mwanakombo mshahara wake tisini,
na sitini huwa zimeshafika Matuga kabla hajazishika.
Nikauliza: na wale tuliowajaribia?
Kijana wa mauzo, dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata,
akasema, "Hao si soko."
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama mtu asemavyo leo si Jumatano.

Bwana Yaarub akatazama nje, kwenye lori la marumaru.
"Nikimpa mmoja bure, kesho watakuja mia.
Nikiwapa hao mia, keshokutwa itakuja benki,
na dawa hii hataipata yeyote, mwenye kadi wala asiye nayo."
Nikanyamaza. Hesabu yake ilikuwa sahihi.
Niliifanya mimi.

Walipoondoka wote nikafungua daftari.
Mashine zimo. Umeme umo.
Hata pamba ya kufutia mkono baada ya sindano imo:
riali nne na nusu.
Pamba imo, damu haimo.

Basi nikaiandika upande wa madeni,
baina ya kodi ya ghala na bili ya maji:
*Damu, mirija arobaini na sita. Haijalipwa.*
Mahali pa kiasi nikapaacha wazi.

Jumapili mkaguzi akairudisha,
kaizungushia wino mwekundu:
"Risiti iko wapi?"
Hakukosea. Ndiyo kazi yake kuuliza.

Jana Mwanakombo alipiga simu. Dawa hakuitaja.
Alisema tajiri wake ana wageni,
na ngazi za kufuta ni ishirini na mbili,
amezihesabu kwa magoti.
Akacheka, akakatisha kicheko katikati,
akavuta pumzi, nikaisikia ikikwaruza.
Kisha akaniuliza, "Taimur hajambo?"

Hajambo, nikasema.
Hajambo kabisa.

Karatasi ya mkaguzi iko hapa mezani.
Nimeinoa penseli mara mbili.
Mstari ule sijaufuta.